Kurasa Tisini na Sita

Vitabu hivi navinunua Mwembe Tayari
kwa Mutiso, anayeuza pia chaja na soksi.
Vyembamba, majalada yamechunika,
na picha ni ile ile: bibi wa shingo ndefu,
gauni limefungwa juu, chini tu ya kifua,
na bwana wa buti refu akitazama pembeni
kama mdaiwa aliyemwona mdai.

Nataka chenye kurasa mia, zisizidi.
Mutiso hucheka: wenzio hutaka kinene, pesa ionekane.
Mimi napima kwa saa.
Saa nne, Jumatatu na Alhamisi,
mashine ya Makadara humshika mama
ikaitoa damu, ikaiosha, ikamrudishia.

Kiingereza cha mama ni cha risiti na vyeti vya dawa.
Basi macho yangu yako huko, ulimi uko huku,
natafsiri papo kwa papo, kwa sauti ya chini
ambayo vitanda sita vinaisikia.
Lodi, nilimwambia, ni kama mwinyi,
mwenye mashamba asiyoyalima.
"Ehee," akasema. "Nawajua."

Ikaja dansi ya usiku. Wasichana wamepangwa ukutani
wakingoja kuombwa,
na mashangazi nyuma ya mapepeo wanahesabu
nani amemtazama nani, mara ngapi.
Hapo sikuwa na haja ya kueleza.
Mama aliolewa Kuze, nyumba ya ghorofa,
na babangu alimjua kwa viatu kwanza:
miezi mitatu akichungulia dirishani
jozi moja ya makubadhi ikipita baada ya Alasiri
polepole kuliko ilivyohitajika.

Ukurasa wa arubaini, yule bwana alivua glavu.
Basi. Alivua glavu, akampa mkono
kumteremsha garini, farasi wakipiga kwato,
na kidole chake kikagusa kifundo.
Chumba kizima kimya.
Bwana Shee Athman wa kitanda cha tatu,
karani mstaafu wa forodha,
anayedai siku zote kuwa anasikiliza redio,
akachomoa kisikizi sikioni: "Kisha?"

Mama hukosoa, hakubali kila kitu.
"Posa gani hii haina mjumbe?
Barua anampa mkononi, kama bili ya stima?
Na mtoto huyu hana somo wa kumfunda?"
Lakini wakifika pale pa kununiana
kwa jambo ambalo lingesemwa kwa dakika moja likaisha,
yeye hufumba macho.
"Waache. Watapatana."

Thureya, muuguzi, msomaji wa vitabu vizito,
aliniuliza: huchoki? Mwisho si unaujua?
Naujua. Ukurasa wa tisini na sita, kanisani, asubuhi.
Daktari akiulizwa husema tutaona.
Nikamwambia pia habari ya maji:
mama hupimiwa vikombe viwili kwa siku,
na hajawahi kuyanywa maji hivi,
akiyaweka kwanza ulimini,
akiyageuza, akiyameza kama neno.
Thureya akaangalia kipimo, akaandika kitu.
Zamu iliyofuata akaniuliza
kama ninacho cha kuazima. Chembamba.

Alhamisi iliyopita mashine ililia mapema.
Shinikizo limeshuka, wakamtoa saa moja kabla.
Zimebaki kurasa tatu,
bwana yuko mlangoni, mvua imemlowesha hadi kola,
amefungua mdomo na hajasema.
Ndani ya tuktuk nikakitoa kitabu nimalizie.
Mama akanishika mkono, mkono wake baridi,
plasta mbili, harufu ya spiriti.
"Wacha. Mwache asimame papo hapo.
Nitamsikia Jumatatu."

Leo Jumamosi. Kitabu kimo mkobani,
nimekunja ncha ya ukurasa.
Bwana Shee ametuma ujumbe kwa mjukuu wake:
asisome mtu bila yeye.
Sijachungulia, wallahi.
Mstari mmoja tu,
na huo ulikuwa wa mvua.